Wa Nyuma Hatikisiki

Kijiji cha Chikuyu,
Manyoni, Singida.
Jumapili, 19 Julai 1998.

Mpendwa Baba Mdogo Marko,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kuulizana afya, na shuleni tumefundishwa hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lakini mimi nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo nisamehe, niseme kwanza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile karatasi ya Kiingereza uliyotutumia, yenye picha ya baiskeli ya springi, nilipowasomea nyumbani niliwasomea na maneno ambayo hayamo. Niliyatunga hapo hapo, karatasi nimeishika mkononi. Na sasa maneno hayo ndiyo yanayonunua baiskeli.

Basi, limetoka. Sasa nikusalimie inavyopasa.

U mzima, Baba Mdogo? Mama Mdogo Magdalena anaendeleaje na kifua, na hilo joto la Dar? Yasinta amezoea shule, au bado anamshika mama yake sketi pale getini? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Bibi anasema nikuandikie salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", na kwamba kama umeshasahau kuitikia basi ubaki huko huko na Waswahili wako. Alikuwa anacheka aliposema hivyo, lakini alirudia mara mbili.

Mavuno si mazuri. Zile mvua za El Nino zimeozesha karanga ardhini, na uwele uliosimama wameumaliza ndege, kwelea. Tunakula mlenda mpaka Baba anasema tutaanza kuteleza wenyewe. Mbaya zaidi ni barabara ya kupanda Kilimatinde, hospitali. Maji yameichimba katikati, mawe yamebaki nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Hapo ndipo yanapoingia ya mdogo wangu Martina. Kile kidonda cha nyonga kinafunga, tunafurahi, kisha kinafunguka tena. Daktari wa huko juu amesema ugonjwa umo ndani ya mfupa, kwa hiyo kila wiki apandishwe akasafishwe, na njiani asitikiswe. Alisema hivyo kwa upole kabisa, asitikiswe, kama vile njia ile tumeitengeneza sisi na tunaweza kuitandika upya.

Baiskeli nyeusi ya Baba, ile unayoijua, ilikatika shingo mwezi wa nne, yeye na Martina wakiwa katikati ya mlima. Ilishachomelewa zamani, na safari hii fundi amekataa kuigusa. Tangu siku hiyo Baba anampandisha Martina mgongoni. Lori la mkaa hupita, lakini humo ndimo anamotikiswa kuliko kote, na likijaa halisimami hata ulale barabarani. Martina halii njiani. Akiumia anavuta shati la Baba pembeni, basi, na Baba anasimama. Shati lenyewe limechanika upande huo, Mama amelishona, limechanika tena.

Kwa hiyo barua yako ilipofika mwezi uliopita, nikiwa likizo, ilikuwa kama mgeni mwenye mzigo. Ulisema makontena yanaingia bandarini, baiskeli zipo za kila namna, na kwamba kwa pesa tutakayoipata ziko tatu zinazowezekana: nyeusi mpya yenye keria nene, ya gia yenye springi kwenye uma wa mbele tu, na ile ya gia yenye springi mbele na nyuma, ambayo ukaiwekea karatasi yake yenye picha. Ukaandika, "Chagueni wenyewe, nijibuni."

Wewe huko labda uliona umetupa heshima. Baba akasema, "Enzi zetu hakukuwa na chagueni. Uliandikwa jina, ukangoja kibali, siku ikifika unapewa nyeusi. Ukisema nyeusi sitaki, anapewa aliye nyuma yako kwenye foleni." Akageuka akaniangalia. "Siku hizi kuchagua ni kazi ya waliosoma. Haya, msomi."

Baba Mdogo, wewe unanijua. Mimi hata darasani jibu ninalolijua silisemi. Mwalimu akinitaja jina natokwa jasho kwenye viganja, wenzangu wananiita Bomba kwa ajili hiyo. Nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, Baba upande huu, Mama na Bibi upande ule, na Martina amelazwa kwenye mkeka ubavu mzima chini, wote wananitazama mdomo.

Nikaanza kusoma. Gia ngapi, nikasema. Breki za namna gani, nikasema. Uzito, rangi, unene wa tairi. Nilipofika kwenye springi maneno yalikuwa magumu, lakini nilielewa kiasi: gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake, na anayeendesha hasikii mashimo. Nikawaeleza hivyo, na hapo nilikuwa mkweli.

Bibi akasema, "Tangu lini chuma kikamhurumia mtu? Na kama kinadunda, si atarushwa juu kama pumba kwenye ungo?"

Baba akacheka. "Mama, hii ni elimu ya kisasa. Acha mtoto asome."

Ndipo Mama akauliza. Mama haulizi ovyo, na aliuliza polepole huku anafukuza nzi kwenye mguu wa Martina. "Na wa nyuma je? Wa nyuma inasemaje?"

Nikatafuta. Nikageuza karatasi, nikairudia tangu juu. Hakuna wa nyuma. Baba Mdogo, karatasi nzima hakuna wa nyuma. Wameandika mpaka aina ya mafuta ya mnyororo, lakini mtu wa nyuma hawamjui, hawajamfikiria, kwao baiskeli ni ya mtu mmoja anayekwenda kucheza mlimani kisha anarudi nyumbani. Ningesema tu, "Mama, haimo." Maneno mawili. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na Martina alikuwa ameinua kichwa, na ulimi wangu ukaogopa kusema hakuna. Nikasema, "Inasema wa nyuma hatikisiki."

Baba akajipiga paja. "Imekwisha!" Martina akauliza kama kwenye picha ni nyekundu. Nikamwambia ndiyo, na hilo pia lilikuwa kweli.

Baba kesho yake akamuuza mnadani yule maksai wa kulia. Wa kushoto amebaki. Asubuhi anatoka zizini na kusimama mahali pake pa nira, kushoto, ameacha nafasi ya mwenzake.

Sikuwa na wasiwasi mwanzoni, nikuambie kweli. Nilijiambia hata kama haikuandikwa lazima iwe hivyo, springi ni springi. Nikaanza kujiona nimesaidia. Shule zilipofunguliwa nikarudi Manyoni, na Jumatano iliyopita nikaiona yenyewe.

Anayo Ashrafu, kijana wa yule mfanyabiashara wa vitenge karibu na stesheni. Tunasoma naye. Baba yake ameitoa Dar, na kwa kuwa huku baiskeli bila keria ni kama jiko bila mafiga, wameitafutia keria. Kumbe haina pa kuifunga. Fremu yake imekatwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, springi imesimama katikati yao. Fundi akahangaika nayo, mwishowe akaichomelea keria kwenye kile kipande cha nyuma kinachoshika tairi. Ndiyo chuma pekee kilichokuwa karibu.

Nikazunguka zunguka pale kama mwizi, mpaka Ashrafu mwenyewe akasema, "We Bomba, unaitamani au unaipima? Panda nyuma nikupeleke raundi. Usiogope mshikaji, hii siyo punda wa kwenu Chikuyu."

Nikapanda. Nikakaa upande, miguu pamoja, kama anavyokaa Martina.

Sijui nikueleze vipi. Tulipita nyuma ya godauni, kwenye mawe ya reli yaliyomwagika. Ashrafu alikuwa mbele yangu anapanda na kushuka taratibu kama mtu aliyekaa kwenye kochi, anapiga mluzi. Mimi nilikuwa juu ya tairi. Kila jiwe lilitoka chini likaja moja kwa moja mpaka kwenye meno. Springi iko kati ya tairi na yeye, haiko kati ya tairi na mimi. Na kwa kuwa yeye hasikii kitu, hapunguzi mwendo. Nikamwambia pole pole, akadhani naogopa, akaongeza. Nikamvuta shati. Hakujua maana yake.

Niliposhuka nilikuwa siwezi kusimama sawasawa. Ashrafu akanishangaa. "Vipi, msomi, unalia? Mbona mimi sijasikia kitu?"

Nilisema vumbi limeingia machoni. Lakini maneno yake hayajatoka kichwani. Mbona mimi sijasikia kitu.

Kwa sababu nimefikiria, Baba Mdogo, nimefikiria mpaka nikakosa maelezo ya Fizikia siku nzima. Ile nyeusi ya Baba ilikuwa mbaya, ngumu kama kitanda cha mahabusu. Lakini jiwe lilikuwa linawapiga wote wawili. Linampiga Baba kwanza, mikononi, ndipo linafika nyuma. Ndiyo maana Baba alikuwa anapunguza, anakwepa, anashuka na kusukuma kabla Martina hajavuta shati. Hakuna aliyemfundisha, mwili wake mwenyewe ndio uliokuwa unamwambia. Sasa mimi nimewachagulia baiskeli itakayomkalisha Baba vizuri, apande mlima anapiga mluzi, na mtoto yuko nyuma yake anakula mawe yote peke yake. Na atakuwa anafurahi, Baba, atakuwa anageuka kumuuliza, "Unaona springi hizo?" Na Martina, namjua, atasema anaziona.

Nimejaribu kusema. Ijumaa jioni nilipofika nyumbani nilimkuta Baba anafagia banda la kuku, amelitenga nusu kwa ajili ya baiskeli, amefunga na ubao wa kuizuia isianguke. Nikasema, "Baba." Akasema, "Naam." Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Umeshanisalimia." Nikaondoka.

Jana nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anashona mfuko wa magunia aujaze sufi, uwe mto wa kukalia kwenye keria. Amenionyesha mshono. Nikasema ni mzuri.

Leo baada ya kanisa Baba ameniita, akanipa karatasi na kalamu. Akasema, "Andika tuliyokubaliana. Ya springi mbele na nyuma, nyekundu kama ipo. Gasto anapita kesho asubuhi kupanda treni, atapeleka barua na pesa mkononi mwa mdogo wangu." Gasto ni yule jirani yetu anayefanya kazi ya reli, unamkumbuka. Hiyo barua nimeiandika. Iko hapa mezani, fupi, nzuri, mwandiko wangu wa mtihani. Hii ni ya pili. Nilikusudia kuikunja ndogo niipenyeze ndani ya ile ya kwanza Baba asione, halafu wewe umwandikie kwamba za springi nyuma zimekwisha, zimenunuliwa zote, ukamtumia nyingine. Ndivyo nilivyokusudia kukuomba. Udanganye kidogo kwa niaba yangu, kwa sababu wewe uko mbali na hutazamwi mdomo.

Nimesimama kidogo. Kuna mtu alipita nje, nikaitia karatasi chini ya kitabu cha Jiografia. Alikuwa ni Bibi anatafuta ungo.

Sasa kuhusu kuchagua kwenyewe, kwa kuwa ndilo uliloniuliza na sijalijibu. Nimejaribu kuzipanga hizo tatu kichwani. Kwa pesa yetu, springi mbili naona ni springi mbili za bei rahisi. Ya Ashrafu ina miezi tu na ile springi ya katikati imeshaanza kulia kama mlango, na haikazwi wala hailegezwi. Tena ni nzito. Mtu akipanda mlima inabonyea kila anapokanyaga, nguvu yake nusu inaishia kwenye kudunda. Ile nyeusi naielewa, lakini haina gia, na Baba si kijana tena, ule mlima anaumaliza amekunja mdomo. Inabaki ya katikati, yenye springi mbele tu. Nyuma yake fremu ni moja, ngumu, keria itakaa. Tairi zake uliandika ni nene. Labda la nyuma likipunguzwa upepo, na ule mto wa Mama, labda.

Lakini ona ninavyoandika. Labda, labda. Mwezi uliopita nilisema kwa uhakika nikawa nimekosea, leo ninachokijua sijui kama nakijua. Na hata hiyo ya katikati haitamfanya asiumie. Hakuna kati ya hizo tatu itakayomfanya asiumie, Baba Mdogo. Hilo ndilo linalonimaliza nguvu. Niliwaahidi nyumbani kitu ambacho hakiuzwi.

Kwa hiyo badala ya kukuomba udanganye nakuomba hivi. Usinisikilize mimi, wala ile karatasi ya Kiingereza. Nenda dukani na Yasinta. Ni mkubwa sawa na Martina, uzito wake sidhani kama unapishana. Waombe wakufungie keria, mkalishe nyuma, zunguka naye mahali penye mashimo, nasikia na huko mnayo. Ukishuka usijiulize wewe mwenyewe imekuwaje. Muulize yeye. Na akisema ni nzuri mtazame anavyokaa chini, kama anakaa upesi au anatafuta kwanza pa kushika. Hiyo atakayoiafiki ndiyo ulete, hata ikiwa nyeusi, hata ikiwa chakavu kuliko zote. Na kama duka halitaki baiskeli ijaribiwe na mtoto nyuma, basi duka hilo halijui tunanunua nini.

Msalimie sana Mama Mdogo Magdalena, mwambie Mama anamkumbuka na bado anatumia ile sufuria. Msalimie Yasinta, mwambie kuna kazi nimemtafutia na nitamshukuru. Wote huku wanakusalimu: Baba, Mama, Bibi, na Martina ambaye anasema baiskeli ikifika utaisikia kengele yake mpaka huko. Mungu awalinde katika jiji hilo, awape kuingia na kutoka kwa amani, na mkono wenu usipungukiwe.

Nasikia katambuga za Baba zinavuka uwanja. Ni zake, tairi zile huwa zinaburuza upande mmoja akiwa amebeba. Amembeba Martina, wametoka kulitazama banda, nasikia mtoto anamuuliza kama springi nazo ni nyekundu. Baba anasema, "Muulize kaka yako, ndiye aliyesoma."

Kitabu cha Jiografia kiko karibu, mkono wangu umekigusa. Nimeuondoa. Baba anasoma polepole, anafuata mstari kwa kidole, lakini hasomi nusu. Ile barua fupi nimeiweka chini, hii iko juu. Sitasema kitu, najua siwezi. Nitaendelea kuandika akiingia, aone kwamba kalamu bado inakwenda na kwamba karatasi siikunji. Akinyoosha mkono, nitampa.

Wamefika kwenye kizingiti. Martina amesema, "Kaka anaandika!"

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kutamka,

Eliya